Riziki ya Siku za Mbalamwezi

Kila mwezi unapokomaa, kwenye mialo ya dagaa ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, huja siku ambazo taa haziwashwi ziwani. Dagaa huvuliwa gizani: mvuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hukusanyika chini yake, wavu hufanya kazi yake. Mbalamwezi ikitanda, taa haina maana tena. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, vijana wa kambini hulala mchana kutwa, na fedha hukauka kuanzia kwa mvuvi hadi kwa mama anayemuuzia chai. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo giza hurudi, na kazi nayo hurudi.

Hiyo ni dhiki yenye kalenda. Ipo nyingine isiyo na kalenda: mtoto anayepandishwa hospitali ya Bugando usiku, kiwanda cha minofu ya samaki kinachofunga geti, mtumbwi unaozama pamoja na mashine yake, mume anayeondoka bila kuaga. Naamini sehemu kubwa ya uchungu tulio nao kwa Mungu hutokana na kuzichanganya dhiki hizi mbili. Ya kwanza tunaiombea muujiza ilhali riziki yake ilikwisha kutolewa. Ya pili tunaificha, mpaka anakosekana hata mtu mmoja ambaye Mungu angemtuma kwetu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayemwamini Mungu, au anayejaribu kumwamini, na leo jioni hajui atapika nini. Naandika kama Mkristo kwa sababu ndiyo imani ninayoijua kwa ndani. Lakini Mwanza ni mji wa makanisa na misikiti, na msomaji Mwislamu ataona mengi hapa ni ya kwao pia. Katika mapokeo ya Uislamu kuna yule mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kumtegemea Mungu, na Mtume akamwelekeza amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Dhiki unayoijua siku yake

Kama kipato chako kinafuata mwezi, uwe mvuvi, mwanika dagaa, mama ntilie wa mwaloni au dereva wa bodaboda anayebeba watu wa kambini, jua kwamba riziki ya mbalamwezi hutolewa wakati wa giza. Yusufu kule Misri hakuombea nafaka ishuke kutoka juu mwaka wa kwanza wa njaa. Ilikuwa ghalani tangu miaka saba ya shibe. Mungu alitoa mapema, na kazi ya Yusufu ilikuwa kuiweka.

Kwa hiyo fanya hivi. Fedha ya usiku wa kwanza wa giza isilale mfukoni wala kwenye simu ile ile unayonunulia vocha. Nunua mahindi debe moja, uyasage, uweke ndani. Inayobaki peleka kwenye kikoba, kwenye lile sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, maana fedha ambayo huwezi kuifikia peke yako saa nne za usiku ndiyo utakayoikuta siku ya mbalamwezi. Kama unaanika, jenga chanja kabla ya masika. Dagaa waliolowa kwenye mchanga huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, ilhali waliokaushwa juu ya chanja huliwa na watu na hulipa bei ya watu. Sali asubuhi, kisha shika nyundo. Anayejiandaa hivi hajapungukiwa imani hata kidogo, na asikubali mtu amwambie vinginevyo.

Hayo yanatosha kwa dhiki yenye kalenda. Ngumu ni ile nyingine.

Dhiki isiyopiga hodi

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, kuna mjane ambaye mumewe alikuwa mcha Mungu na amekufa akiacha deni. Mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Naipenda habari hii kuliko nyingine zote za riziki kwa sababu ya mpangilio wake. Mama yule anaanza kwa kusema deni lake kwa sauti, mbele ya nabii Elisha. Elisha hamwombei papo hapo. Anamuuliza ndani ya nyumba ana nini. Ana chupa ya mafuta, basi. Kisha anamtuma kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Mafuta yalitiririka ndani ya vyombo vya majirani, na yalikoma vyombo vilipokwisha. Mwisho anaambiwa auze, alipe deni, yeye na watoto waishi kwa kinachobaki.

Fuata mpangilio huo huo.

Kwanza, sema deni. Usianze na watu, anza na karatasi. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, lini. Andika kodi ya chumba, ada, dawa, deni la duka la mtaani, deni la kikoba. Wengi wetu tunaogopa karatasi hiyo kuliko tunavyomwogopa mdai mwenyewe. Ukishaimaliza, iweke mbele yako na uisome mbele za Mungu kama ilivyo, na tarakimu zake. Sala ya dhiki si lazima iwe na maneno mazuri. Zipo zaburi zinazomuuliza Mungu ataendelea kusahau mpaka lini, na waliozitunga hawakuadhibiwa kwa kuuliza. Ukiomba kwa tarakimu, utajua pia utakapojibiwa. Aliyeomba baraka tu hatajua kama zile kilo mbili za unga zilizoletwa na jirani zilikuwa jibu.

Pili, ndani ya nyumba una nini? Usijibu haraka kwamba huna kitu. Cherehani iliyokaa miaka chini ya kitanda ni kitu. Ujuzi wa kushona nyavu ni kitu, na siku za mbalamwezi ndipo nyavu hushonwa. Jiko la mkaa la ziada, kiwanja kidogo nyuma ya nyumba kinachoweza kuotesha mchicha, binti anayejua kusuka, kijana mwenye leseni ya pikipiki, vyote ni vitu. Andika upande wa pili wa karatasi ile ile.

Tatu, nenda kwa majirani. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Watu wa ziwa hili hawakuwahi kuishi kwa nguvu ya mtu mmoja mmoja. Wasukuma walilima kwa vikundi, majembe yakifuata ngoma, hata kazi yenyewe ikazaa ngoma ya bugobogobo. Wakulima wa pamba wa kanda hii walipochoshwa na mizani ya wanunuzi miaka ya 1950, wakajiunga katika vyama vyao wenyewe chini ya uongozi wa kijana Paul Bomani, na mwaka 1955 shirikisho la vyama hivyo likaundwa. Walikuwa wakisali makanisani na misikitini, na Jumatatu walikwenda kupima pamba yao wenyewe. Leo tuna jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya akina mama, vikoba, vyama vya kufa na kuzikana. Watu wanatukusanyikia haraka sana tukishakufa. Tunapaswa kuwapa nafasi ya kukusanyika mapema zaidi.

Lakini hawawezi kuja kwa jambo wasilolijua. Dhiki ya mjini, hasa ya watu waliopanga vyumba Mabatini, Igoma au Buhongwa, ina tabia ya kujifungia. Mtu anaacha kwenda jumuiya kwa sababu hana mchango. Anaacha kwenda kanisani kwa sababu hana sadaka. Anazima simu kwa sababu ya wadai. Mwisho anabaki peke yake na Mungu, naye anashangaa kwa nini Mungu hatumi mtu. Kama ni jambo moja tu utakaloshika katika ukurasa huu, shika hili: siku ambayo huna sadaka ndiyo siku ya kwenda. Nenda mikono mitupu. Mjane aliazima vyombo vitupu, na hakuna jirani aliyeviona ni aibu.

Nenda kwa mtu mmoja kwanza, wala si kwa kundi zima. Chagua mtu mzima anayejulikana kwa kufunga mdomo: mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa kanisa, imamu, shangazi. Nenda mchana, msalimie kama inavyopasa, kaa, sema. Kwa wasiojua waanzie wapi, maneno yanaweza kuwa haya:

“Shikamoo mama. Samahani nimekuja bila taarifa.”

“Marahaba mwanangu. Kaa kwanza.”

“Mama, nyumbani tumekwama. Baba Neema hajapata kazi tangu mwezi uliopita. Kodi ya miezi miwili hatujalipa, na leo ndani hakuna unga. Sijaja kuomba mtu anilipie yote. Naomba ujue, na ukisikia kazi yoyote, kufua, kupalilia, kuanika dagaa, unikumbuke. Na kwa leo naomba unga kilo mbili.”

Angalia alichofanya mama Neema. Ametaja jambo lenyewe bila kuzunguka. Amesema kiasi. Ameomba kazi kabla ya kuomba chakula, lakini chakula pia amekiomba, kwa sababu watoto hawali ahadi ya kazi. Hakusema uongo, hakumsema mumewe vibaya, hakutia chumvi. Mtu akiombwa hivi hujua la kufanya, na hata kama hana unga anajua ampigie nani. Ukijibiwa vibaya, na huenda ukajibiwa vibaya, nenda kwa wa pili. Elisha alisema majirani wote.

Kwa mdai, nenda kabla ya siku yake. Mdai anayefuatwa kabla ya tarehe huongea lugha tofauti na yule anayekufuata mlangoni. Peleka kidogo ulichonacho, mkubaliane tarehe mpya, iandikwe, msaini wote wawili.

Na hapa niseme kwa nguvu kuhusu mikopo tunayoiita kausha damu. Usiichukue kwa ajili ya chakula. Marejesho ya kila siku au kila wiki hayangoji giza wala mbalamwezi, na wengi wamepoteza kitanda, televisheni, hata ndoa, kwa mkopo ulioanza na mfuko wa unga. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kwa biashara anapaswa kuwa na leseni. Omba kuiona. Asiyekupa nakala ya mkataba, au anayetaka umwachie kadi yako ya benki na namba ya siri, mwache. Kama umekwisha kuingia, usichukue mkopo wa pili kulipia wa kwanza. Peleka karatasi yako kwa watu wa kikoba au kwa mtendaji wa mtaa, usomewe mkataba na mtu anayeelewa, na mazungumzo na mkopeshaji yafanyike mkiwa wawili au watatu.

Kama dhiki yako ni ugonjwa, usimwondoe mgonjwa wodini kwa kuogopa bili. Hospitali kubwa zina ofisi ya Ustawi wa Jamii, na Bugando, iliyojengwa na maaskofu Wakatoliki na kufunguliwa mwaka 1971, inapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa yote, wengi wao wakiwa maskini. Sera ya nchi inatambua msamaha wa gharama kwa watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Nenda kwenye ofisi hiyo siku ya kwanza, usingoje siku ya kutoka. Beba barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Ofisa aliyeketi nyuma ya meza ile anaweza kuwa jibu la sala yako hata kama hajui, hata kama siku hiyo amechoka na hakutabasamu.

Kijito kikikauka

Kuna dhiki inayotokana na mlango uliokuwa wazi kufungwa kabisa. Sangara aliyepandwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960 alileta viwanda vya minofu Mwanza, na miaka ya 1990 maelfu waliishi kwa kazi hiyo. Mwaka 1999 Ulaya ikazuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, watu wakakaa nyumbani. Zuio likaondolewa, kazi ikarudi. Baadaye sangara mwenyewe akapungua, viwanda kadhaa vikafunga au vikapunguza watu, na safari hiyo wengi hawakuitwa tena.

Au chukua la karibuni. Kwa miaka mingi magari yalipanga foleni Kigongo na Busisi kungoja kivuko, na foleni ile ilikuwa soko: samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, maji, soda. Watu wa pande zote mbili waliombea daraja. Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, likafunguliwa. Mgonjwa wa Sengerema sasa anafika Bugando bila kungoja kivuko. Na mama aliyewasomesha watoto kwa samaki wa foleni anayaona magari yakipita juu bila kusimama.

Nabii Eliya alikaa kando ya kijito cha Kerithi, kunguru wakimletea mkate na nyama, naye akinywa maji ya kijito. Kisha kijito kikakauka, kwa sababu mvua haikunyesha. Na ukame ule Eliya mwenyewe ndiye aliyeutangaza. Kukauka kwa kijito hakukuwa adhabu yake wala dalili kwamba Mungu amemwacha. Hakuambiwa akae akilinde kijito kikavu. Aliambiwa aende Sarepta, kwa mjane aliyekuwa na konzi moja tu ya unga.

Nikipewa nafasi ya kukaa na yule mama wa Busisi, hilo ndilo nitakalomwambia: kulia kwanza ni halali, kijito kile kilikulisha kweli na mshukuru Mungu kwa miaka yote ile. Kisha tuangalie magari yanasimama wapi sasa. Yanasimama stendi. Yanasimama vituo vya mafuta. Nani tunamjua huko? Kuna kikundi gani cha akina mama kinachoomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri unaotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu? Uongozi wa Mungu mara nyingi huanza na taarifa ya kawaida kama hiyo, kwa mtu aliyekubali kunyanyuka.

Utajuaje kama njia ni ya Mungu

Watu hungoja ndoto, sauti, ishara. Sikatai kwamba Mungu hutumia hizo. Lakini ukiwa na njaa na huna usingizi, ndoto ni nyingi, na si zote zimetoka mahali pamoja. Mimi napendekeza maswali magumu zaidi.

Je, njia hii inahitaji uongo? Je, unaweza kumweleza mwenzi wako mchana, bila kuruka kipande? Je, inaumiza mtu asiyekuwepo kwenye mazungumzo? Rafiki akikuita mkavute kokoro usiku, hutahitaji kufunga siku tatu kutafuta mapenzi ya Mungu. Kokoro hukokota hadi vifaranga vya samaki, na vifaranga hivyo ni chakula cha watoto wako mwenyewe baada ya miaka miwili. Njaa yako ni ya kweli, na Mungu anaijua, lakini njia hiyo haikutoka kwake.

Ukishapita hapo, waulize watu wawili wanaomcha Mungu ambao hawatapata faida yoyote kwa uamuzi wako. Lala usiku mmoja. Kisha fanya ile hatua moja inayoonekana, hata kama ya tatu huioni.

Na usidharau maarifa ya kawaida. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku na kuelekea alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa watumiaji wa ziwa. Kuusikiliza, kuvaa jaketi okozi, kukataa kupanda mtumbwi uliojaa, yote hayo ni utii.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Paulo yuko kwenye merikebu iliyopigwa na dhoruba usiku kumi na nne. Ameshapata ahadi kwamba hakuna hata mmoja kati ya watu 276 atakayepotea. Hata hivyo, mabaharia walipotaka kuteremsha mashua ndogo wakimbie, Paulo aliwaonya askari kwamba hao wakitoka, wengine hawataokoka. Ahadi ilikuwepo, na bado mabaharia walihitajika. Kisha, kabla hakujapambazuka, akawasihi wale chakula. Alijua kwamba asubuhi watahitaji nguvu za kuogelea. Wewe pia kula kama kuna chakula, lala kama unaweza. Maamuzi mengi mabaya ya dhiki hufanywa na mtu ambaye hajala tangu jana.

Merikebu yenyewe ilivunjika. Ngano ilitupwa baharini. Watu wakafika nchi kavu, wengine wakishikilia mbao. Huenda biashara unayoililia haitaokoka, na wewe ukaokoka.

Kuhusu wanaouza upenyo

Nitasema kwa ufupi. Mtu yeyote anayekuambia utoe fedha ya kodi kwanza ndipo Mungu akufungulie, au anayekuuzia maji na mafuta kwa bei, au anayekuamuru umwachishe mgonjwa wako dawa, usimfuate. Usimfuate hata kama anahubiri vizuri na hata kama jirani yako anatoa ushuhuda. Elisha hakuchukua chochote katika mafuta ya mjane. Na yeyote anayekuambia kwamba umekuwa maskini kwa sababu bibi yako amekuroga anakutuma ukamchukie mtu ambaye huenda ndiye pekee angekupa mihogo wiki hii. Kanda hii imeona vikongwe wakiuawa kwa maneno ya namna hiyo. Yakatae siku ya kwanza unapoyasikia.

Igoma

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo na kubeba watu kupita uwezo wake, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa. Wengi walizikwa katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa kubeba watu 101 kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Siku mbili baadaye fundi mmoja alitolewa akiwa hai tumboni mwa kivuko hicho.

Fundisho lolote kuhusu ulinzi na riziki ya Mungu ambalo huwezi kulisema ukiwa umesimama kwenye makaburi ya Igoma, usiliseme popote. Ndani ya MV Bukoba walikuwamo waliosali asubuhi ile. Ahadi aliyopewa Paulo ilikuwa ya merikebu ile na watu wake, na hatuna ruhusa ya kuigawa kwa kila chombo. Tena vyombo hivi vilizama kwa sababu watu waliruhusu vijae. Kusema ni mpango wa Mungu, tukanyamaza kuhusu tiketi zilizouzwa kupita kiasi, ni kumtwika Mungu dhambi ya mwanadamu.

Kwa hiyo kama dhiki yako ni msiba, au ugonjwa usiopona, sina hatua za kukupa zitakazoumaliza. Ninayo machache ya kukusaidia kuupitia. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina mstari wa furaha mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia kama sala. Isali siku ambazo huwezi kuimba. Siku ambazo huwezi kusali kabisa, nenda ukae katikati ya wanaosali, wakubebe. Kama umeokoka pale wengine walipokufa, mshukuru Mungu, lakini ushuhuda wako usiufanye kipimo cha imani ya waliozama. Sema tu kwamba uko hai na hujui kwa nini, na umeamua kuishi vizuri na watoto wa waliokufa.

Kumtumaini Mungu katika hali hii ni kuendelea kumpelekea jambo lile lile ambalo halijajibiwa, badala ya kumgeuzia mgongo. Najua ni kazi nzito. Wapo akina mama wanaopanda mlima wa Bugando kila mwezi na mtoto mwenye selimundu, mwaka baada ya mwaka, wakisali njiani kwenda na njiani kurudi. Mimi nikitaka kujua imani ni nini, huwatazama hao kabla sijafungua kitabu.

Ukishapata pumzi

Giza likirudi, au kazi ikipatikana, toa ile karatasi. Lipa deni kwanza, kidogo kidogo, ukianza na mdogo aliyekuamini kuliko mkubwa anayekutisha. Rudi kwa kila aliyekupa unga, umshukuru kwa jina na kwa kiasi: mama, zile kilo mbili za siku ile. Rudi kwenye jumuiya, useme mbele ya watu kilichotokea, na usiwafiche kwamba ulikuwa huna kitu, kwa sababu kati ya wanaokusikiliza yupo ambaye jana hakuwasha jiko.

Mtafute huyo. Dalili zake unazijua sasa: amekosa ibada mara mbili, mtoto wake anachelewa kuondoka nyumbani kwenu saa ya chakula, simu yake haipatikani. Usimwite akueleze mbele za watu. Nenda jioni, beba unga na dagaa, na kama unaweza mkaa pia, kwa sababu unga bila mkaa haupikiki. Usipige picha. Usimhubirie kabla hajala. Muulize anadaiwa na nani, na kama ameandika. Kama hajaandika, mwombe mtoto alete daftari na kalamu, mkae chini, mwandike pamoja.